Juu ya Makumbusho Matatu ya New Orleans

Mji wa New Orleans, ulio kusini mwa Marekani, uliasisiwa na Wafaransa mwaka 1718 mahali ambapo mto mkuu wa Mississippi wapinda kama mwezi mwandamo. Baadaye ulitawaliwa na Wahispania, ukarudi kwa Wafaransa, na mwaka 1803 ukauzwa kwa Marekani pamoja na nchi yote ya Louisiana. Mji uliopitia mikono mingi namna hii haukosi vitu vya kuweka, na kweli una nyumba za makumbusho nyingi, kila moja na jambo lake. Hatukusudii kuzieleza zote. Twataka kunena habari za tatu tu, na kila moja kuiuliza swali lile lile: Je, kitu kilichofungiwa ndani ya kioo chamwonyesha mtazamaji watu waliokitumia, ama chamfichia?

Tuanze na duka la dawa la barabara ya Chartres. Mwenyewe alikuwa Louis Joseph Dufilho, ambaye mwaka 1816 alifanya mtihani akapata hati ya serikali ya kuuza dawa. Nyumba ilijengwa mwaka 1823, na tangu mwaka 1950 ni makumbusho. Mna vinu na michi yake, chupa za rangi, vyombo vya kupasulia watu, mitungi ya miruba ya kufyonza damu, na mtambo wa soda wa marumaru wa mwaka 1855. Dawa za waganga wa vodu zimewekwa humo humo pamoja na za madaktari, na jambo hili twalisifu, kwa sababu ni la haki. Mwaka 1853 homa ya manjano iliua watu wapatao 8,000 katika mji ule. Daktari alitoa zebaki na kutoa damu, mganga alitoa hirizi, wala hapana hata mmoja wao aliyejua kuwa mwenye kosa ni mbu. Hilo halikuthibitishwa mpaka mwaka 1900.

Walakini nyumba hii ina hatari yake. Mgeni hutazama misumeno ya mifupa, hushtuka, hucheka kidogo, huenda zake akimshukuru Mungu kwa kuzaliwa zamani hizi. Ukitoka mlangoni ukaenda hatua chache hadi barabara ya St. Louis, wafika mahali iliposimama hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 1838, ambayo chini ya kuba lake watu weusi walinadiwa kama mifugo. Wauzaji wao waliwapaka mafuta ngozi zing'ae, na wenye mvi walitiwa rangi nyeusi, ili mnunuzi adhani ni vijana wenye afya. Hiyo nayo ni sehemu ya habari za miili na dawa katika mji huu, tena si ndogo. Chupa zilizopangwa vizuri rafuni haziwezi kuisema zenyewe. Yampasa mgeni aje akiijua.

Makumbusho ya Vita Kuu ya Pili yalifunguliwa tarehe 6 Juni 2000, nayo ni makubwa mno, majumba kwa majumba. Yalijengwa hapa kwa sababu kiwanda cha Andrew Higgins kiliunda mjini humu mashua za kuteremshia askari pwani. Kwa jumla kiliunda vyombo zaidi ya 20,000, na kiliajiri wanawake na watu weusi kwa mshahara ulio sawa na wa wengine, jambo geni sana Kusini siku zile. Kwa maoni yetu habari hiyo ingetosha nyumba nzima. Lakini makumbusho yamekua mpaka kuchukua vita vya dunia yote, na mji uliounda mashua sasa wakaa kama mgeni nyumbani kwake.

Sasa tufike Tremé, mtaa wa kale wa watu weusi, penye makumbusho yaitwayo Backstreet. Mwenye kuyaanzisha ni Sylvester Francis. Yasemwa kwamba alipigwa picha katika maandamano, kisha mpiga picha akamtaka alipe ndipo apewe sura yake mwenyewe. Basi akanunua kamera yake, akaanza kupiga picha za maandamano na mazishi ya mtaani, yale yafuatwayo na bendi ya matarumbeta. Mwaka 1999 alifungua makumbusho katika nyumba iliyokuwa ya shughuli za maziko.

Fahari ya nyumba hii ni mavazi ya Wahindi wa Mardi Gras. Hawa ni watu weusi wa mjini ambao siku ya Mardi Gras, yaani Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu, huvaa mavazi ya manyoya na ushanga kwa kuwaheshimu wenyeji wa kwanza wa nchi. Vazi hushonwa kwa mkono mwaka mzima, usiku baada ya kazi, mpaka vidole vikatoboka. Na desturi yao ni hii: vazi la mwaka huu halivaliwi mwaka ujao. Hufumuliwa, na ushanga wake huingia katika vazi jipya.

Hapo ndipo penye shida yetu. Kitu kilichoshonwa kwa nia ya kufumuliwa, ni haki kukisimamisha pembeni kikiwa kizima miaka na miaka? Tumelifikiri sana. Kama aliyelichukua angekuwa mtu wa mbali, tungesema siyo. Lakini Francis aliyapokea mavazi kutoka kwa wenyewe, watu aliowajua kwa majina, na aliyelishona angeweza kuingia siku yoyote akawaonyesha wanawe. Vumbi limo, nafasi ni finyu, na maandishi ya maelezo ni machache. Hata hivyo twaiweka nyumba hii mbele ya zile mbili.

Tena mavazi hayo si mapambo tu. Chifu Allison Montana, aliyeshona kwa zaidi ya miaka 50 na kuwafundisha wenzake kushindana kwa uzuri badala ya visu, alisimama mbele ya baraza la mji tarehe 27 Juni 2005 kulalamika jinsi polisi walivyowatendea Wahindi usiku wa Mtakatifu Yosefu mwaka ule. Alianguka pale pale akinena, akafa, naye ana umri wa miaka 82.

Francis naye alifariki mwaka 2020. Mwaka uliofuata tufani ya Ida iliharibu nyumba, na mwaka 2022 binti yake alifungua makumbusho tena katika nyumba nyingine mtaani humo. Mgeni na aende kwanza huko. Kisha, atakaye kuyaona mavazi yakitembea, asubiri asubuhi ya Mardi Gras, ama usiku wa tarehe 19 Machi, asimame penye njia panda za mtaa na kusikiliza matari. Kiingilio hakuna, wala saa na njia hazitangazwi.