Mchoro wa Nguo na Kipimo cha Mwili



Elimu ya kuchora nguo imeingia majumbani mwetu. Zamani mtoto wa kike alijifunza kushona kwa kutazama mkono wa mama yake au wa shangazi yake. Leo aghalabu huanza kwa karatasi na kalamu ya risasi, akifuata vitabu na mafunzo ya kwenye simu yanayomwonyesha namna ya kuchora mwanamke aliyevaa, kisha nguo yenyewe, kisha kitambaa na rangi zake. Hatukuandika haya kuizuia elimu hiyo. Kushona ni kazi ya halali, na mshonaji anayejua kuchora huliona kosa la nguo kabla hajatia mkasi. Tunalotaka ni kuipima sanaa hii kama inavyopimwa sanaa nyingine yoyote: ina uzuri gani, ina ila gani, na mwanafunzi wetu aanzie wapi.

Jambo la mwanzo analofundishwa mwanafunzi ni kipimo cha vichwa. Tangu kale wachoraji hupima urefu wa mtu kwa urefu wa kichwa chake, kutoka utosini mpaka kidevuni. Leonardo da Vinci, katika mchoro wake mashuhuri wa karibu mwaka 1490, wa mtu aliyenyoosha mikono ndani ya duara na mraba, alifuata maneno ya Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, kwamba kichwa ni sehemu moja katika nane ya urefu wa mtu. Ukiwapima watu wa kawaida utawakuta wengi wao wana vichwa saba au saba na nusu. Lakini mwanamke wa mchoro wa mitindo huchorwa kwa vichwa tisa, na wako wachoraji wanaofika kumi.

Tufanye hesabu. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 162, na kichwa cha sentimita 22, ana vichwa saba na kitu. Mpe vichwa tisa, urefu wake utakuwa sentimita 198. Zile 36 zilizozidi, ambazo ni kama shubiri moja na nusu, hazigawanywi sawasawa mwilini. Nyingi hutiwa miguuni, na papo hapo kiuno hupunguzwa na shingo huvutwa. Uso mara nyingi huachwa mtupu, bila macho wala mdomo. Kwa hivyo aliyechorwa pale si mwanamke mrefu. Ni umbo ambalo hulikuti Mombasa, wala Paris, wala popote.

Tusiwadhulumu wachoraji, kwani wana hoja yao. Wao husema kwamba mchoro wa mitindo haukukusudiwa kuwa sura ya mtu. Umekusudiwa kuonyesha nguo inavyoanguka, na nguo inataka nafasi ya kuangukia. Miguu ikirefushwa, mchoraji hupata mahali pa kuonyesha mikunjo, pindo na mwendo wa kitambaa. Hii ni mubalagha, na mubalagha hata washairi wetu wanaitumia. Humwita bibi harusi mwezi, na hapana atokaye nje kwenda kumtazama mbinguni. Hoja hii ina nguvu, nasi twaikubali kwa mtu mzima aliyekwisha kuijua kazi. Lakini msikilizaji wa shairi anajua kwamba ile ni mubalagha. Mtoto wa miaka kumi na minne, anayechora mwili huo kila siku mpaka mkono wake ukauzoea, hana wa kumkumbusha. Mkono ukishazoea, jicho nalo huzoea. Kisha husimama mbele ya kioo, akaona kwamba aliyekosea kipimo ni yeye.

Basi na tuitazame sanaa yenyewe pale ilipokuwa juu kabisa, tupate kujua uzuri wake uko wapi. Mwaka 1908, Paul Poiret, mshonaji mwenye jina kubwa mjini Paris, alimtaka kijana mmoja mchoraji, Paul Iribe, amchoree kitabu cha magauni yake. Kilikuwa na picha kumi tu, na nakala zake zilikuwa 250, zikatiwa rangi kwa mkono kupitia karatasi zilizokatwa matundu. Iribe alifanya jambo dogo lenye akili kubwa. Alitia rangi magauni, akaviacha viti, meza na picha za ukutani ziwe mistari myeusi mitupu. Jicho la mtazamaji halina pengine pa kwenda ila kwenye kitambaa. Hakumwambia mtu "tazama gauni". Aliondoa kila kinachoshindana nalo. Huu ndio ustadi unaofaa kuigwa, na ustadi huo hautegemei mwili kuvutwa hata kidogo.

Mwaka 1911 Poiret alitoa kitabu cha pili, na safari hii mchoraji alikuwa Georges Lepape. Hapa zilionekana zaidi kilemba na suruali pana za wanawake, kwani Poiret alikwisha kushikwa na mapenzi ya nchi za Mashariki, yaani Mashariki ya hadithini. Tarehe 24 Juni ya mwaka huohuo alifanya karamu bustanini kwake, akaiita usiku wa elfu moja na mbili. Wageni kiasi cha 300 walitakiwa waje na mavazi ya Kiajemi. Yeye mwenyewe alijifanya sultani, na mkewe akawekwa ndani ya tundu la dhahabu.

Mistari ya Lepape ni mizuri, na rangi zake zinapendeza mpaka leo. Lakini sanaa hupimwa pia kwa inavyokijua kile inachokichora. Mabibi zetu wa Unguja na mwambao walivaa suruali ya marinda chini ya kanzu, na walioivaa waliijua kazi yake: ilisitiri mguu mtu anapokaa mkekani, anapopanda ngazi, na upepo wa bahari unapovuma. Katika nchi nyingi za Kiislamu suruali ya mwanamke ilikuwa vazi la sitara. Vazi hilohilo lilipopita katika karatasi za Paris likageuka kuwa alama ya anasa na ya wanawake wa tunduni. Mchoraji alichukua umbo la nguo akaiacha sababu yake. Hiyo ndiyo ila yetu juu ya kitabu kile, nayo ni ila ambayo hata mwanafunzi wetu aweza kuingia ndani yake leo, akichora buibui au dira kwa kunakili picha ya mgeni, ilhali nguo yenyewe imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake.

La ajabu ni kwamba Poiret huyohuyo, mwaka huohuo wa 1911, alifanya jambo jema katika kufundisha. Alifungua skuli ya kuchora akaiita kwa jina la binti yake, Martine, akawaingiza wasichana wa nyumba za wafanyakazi, wa umri wa miaka kumi na miwili hivi. Hawakufundishwa kunakili kazi za mabwana wakubwa. Walipelekwa bustanini na mashambani, wakachora maua na majani kwa macho yao wenyewe, na michoro yao ikatumika katika vitambaa, mazulia na karatasi za ukutani. Funzo lake ni hili: mtoto akipewa kitu cha kweli mbele yake, mkono wake hupata la kusema. Akipewa umbo la kunakili, husema aliyoyasema mwingine.

Wala tusidhani kwamba kuchora watu na mavazi yao kulianza Ulaya. Mwaka 634 Hijria, sawa na 1237 Miladia, Yahya bin Mahmud al-Wasiti alimaliza nakala ya Maqamat ya al-Hariri yenye picha 99, ambayo leo imehifadhiwa katika maktaba ya taifa ya Ufaransa, Paris. Mna humo kadhi barazani, msafara wa mahujaji, wasomaji katika maktaba, na soko la watumwa. Watu wa al-Wasiti hawakurefushwa. Vichwa vyao ni vikubwa kwa miili yao, na miguu ni mifupi. Lakini kwa nguo unamjua kila mmoja: kilemba chake, upana wa mkono wa joho lake, utepe uliotiwa juu ya mkono. Kwake yeye nguo ni habari ya mtu, haikuwa kisingizio cha kuonyesha mwili. Kwa upande huu twaona kazi yake imewapita wengi waliokuja baada yake, ingawa kwa wepesi wa mstari Iribe amemzidi.

Hapa hapana budi kutaja jambo ambalo wasomaji wetu watauliza. Wanavyuoni wana maneno mengi juu ya kuchora vyenye roho, na wamekhitalifiana katika mipaka yake. Hatukusudii kuyakata maneno hayo katika ukurasa wa sanaa. Yatosha kukumbuka habari aliyoipokea Bukhari, ya mtu aliyekuwa akila kwa kazi ya kutengeneza picha, akamwendea Ibn Abbas (r.a.). Baada ya kumsikilizisha onyo la Mtume (s.a.w.), Ibn Abbas alimwelekeza kwamba ikiwa hana budi na kazi hiyo, basi achore miti na visivyo na roho. Hakumwacha mtu yule bila ya mlango wa riziki.

Na katika fani hii mlango huo upo wazi, tena ndio unaotumiwa na mafundi wenyewe. Zaidi ya ile picha ya mwanamke wa vichwa tisa, kuna mchoro wa nguo peke yake, imetandazwa kama iliyolazwa juu ya meza, mbele na nyuma. Mshono huonyeshwa kwa mstari uliokamilika, na uzi unaoonekana juu ya kitambaa kwa mstari wa vidoto. Kifungo, mfuko na pindo huwekwa mahali pake, na vipimo huandikwa kando. Picha ya vichwa tisa humpendeza mteja. Mchoro huu ndio anaoushonea fundi. Hakuna kiwanda kinachoweza kukata kitambaa kwa kutazama miguu mirefu.

Kwa hivyo rai yetu ni kwamba mwanafunzi aanzie hapa. Aitandaze kanzu ya baba yake juu ya meza. Achore mstari wa katikati, kisha nusu moja ya kanzu, aikunje karatasi na kunakili nusu ya pili ili pande mbili ziwe sawa. Atafute kaba shingoni, kikwapa chini ya mkono, na taharizi ubavuni, ajiulize kila kipande kimewekwa kwa haja gani. Akimaliza, aitundike kanga msumarini aichore inavyoning'inia, kwani mikunjo yote huanzia pale kitambaa kinaposhikwa. Hata Leonardo alipokuwa kijana alijifunza hivyo: Vasari anaeleza kwamba alifinyanga violezo vya udongo, akavifunika vitambaa vilivyolowekwa katika udongo, akakaa kuvichora kwa subira. Atakayeyajua haya, hata akija baadaye kuchora nguo ikiwa mwilini, ataichora kwa kipimo cha mtu wa kweli.

Maana mwisho wa yote suala ni la kipimo. Mteja huja dukani na picha, akaichagua nguo kwa vile ilivyomkaa yule wa vichwa tisa. Nguo ikitoka hailingani na picha, naye hurudi kwake akiulaumu mwili wake, au akamlaumu fundi, wala haulaumu mchoro. Sisi ni watu tuliofundishwa kuogopa kupunja kipimo sokoni, awe ni mwuza mchele au mwuza kitambaa. Mwenye kuuza nguo kwa mwili usiokuwapo, naye amezidisha pasipo haki, ijapokuwa mizani yake ni kalamu. Na binti aliyeumbwa na Mola wake katika umbo bora asifundishwe, kwa jina la sanaa, kwamba amepungukiwa shubiri moja na nusu.

Wazazi wenye watoto wanaochora wasiwanyang'anye kalamu. Wawapatie rula, karatasi na futi ya fundi, na wawawekee nguo ya kweli mbele yao. Mwenyezi Mungu atujaalie kuyajua mazuri na kuyaweka mahali pake. Amin.