Meza kuu, mlangoni, jikoni: namna MC anavyochezesha watu wasiojua hatua

Chukua harusi ya kawaida ya Chanji, Sumbawanga mjini, mavuno yakiwa yamekwisha. Misa ilikuwa mchana, sasa ni usiku, watu wako chini ya turubai na baridi ya Ufipa inauma kweli, maana uwanda huu uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mashangazi wamevaa makoti juu ya vitenge vya sare. MC anachukua maiki: "Tunacheza kwaito. Wote, hakuna kukaa." Wanaosimama ni pamoja na wajomba waliotoka Namanyere na Laela, majirani, watoto, na wafanyakazi wenzake bwana harusi. Robo yao labda wanajua hatua. Wimbo ukifika katikati, karibu wote wanakwenda pamoja.

Kwaito ya harusini, kama tunavyoicheza Tanzania, si lazima iwe na muziki wa vijana wa Johannesburg wa miaka ya 1990. Wimbo unaweza kuwa wa injili, au makirikiri ya Botswana. Kinachohitajika ni mistari, hatua chache zinazorudiwa, na kugeuka robo ili mzunguko uanze upya mkitazama upande mwingine. Hatua zenyewe si kazi. Angalia Jerusalema ya Master KG na Nomcebo: mwezi wa pili mwaka 2020 kikundi cha Angola, Fenómenos do Semba, kilijirekodi kikiicheza huku wachezaji wameshika sahani za chakula. Video ile ilizunguka dunia, na mwezi wa tisa Rais Ramaphosa akawaomba Waafrika Kusini waicheze Siku ya Urithi. Sahani zile ndizo zilizonivutia mimi. Mchezo unaochezeka na ubwabwa mkononi hauhitaji mikono, na mwanafunzi asiyeshughulika na mikono amepunguziwa nusu ya mzigo. MC mzuri hufanya vivyo hivyo: mzunguko wa kwanza ni miguu tu. Makofi na mabega huja baadaye, kwa wanaotaka.

Penye kazi ni kwenye wakati. Jerusalema inakwenda mapigo 124 kwa dakika, yaani mapigo manane hupita chini ya sekunde nne. MC akisema "geuka" kwenye pigo lenyewe la kugeukia, amechelewa, kwa sababu mtu anahitaji kusikia, kuelewa, kisha kuhamisha uzito kwenye mguu wa pili. Amri inatakiwa kutoka kwenye pigo la sita, tena iwe fupi. Wakongo walilijua hili zamani. Tangu Zaïko Langa Langa walipomwingiza atalaku, yaani mpiga kelele wa kuchangamsha wachezaji, kwenye bendi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na manyanga yake ya makopo ya dawa ya wadudu, kazi yake mojawapo imekuwa kupiga kelele ya mtindo unaokuja kabla haujafika. Anayesikiliza redio anaweza kudhani ni mbwembwe. Anayecheza anajua ameonywa mapema.

Sasa kugeuka. Hapa ndipo kwaito nyingi zinapovunjika, na si kwa sababu watu hawajui kulia na kushoto. Wajuzi hupenda kusimama mbele, wageni nyuma wakiwaiga. Mkishageuka robo, wale wajuzi wako ubavuni. Mkigeuka tena, wako nyuma kabisa, na shangazi aliyekuwa akiiga kisigino cha mpambe sasa yuko mstari wa mbele, hana wa kumtazama, na watu wazima thelathini wanamtazama yeye. Anasimama. Nyuma yake wanagongana.

Dawa yake niliiona kwa MC mmoja hapo Chanji, na ilikuwa rahisi kiasi cha kukera. Kabla ya wimbo kuanza aliwaita wapambe, ambao tayari wana mazoezi ya kuingia ukumbini, akawagawa pande zote nne za uwanja: wawili wawili kila upande, wageni wote katikati. Kokote utakakogeukia, mbele yako kuna mtu anayejua.

Halafu hakusema kulia wala kushoto hata mara moja. Alisema "meza kuu!", mzunguko uliofuata "mlangoni!", kisha "jikoni!", kisha "DJ!" Mkono wa kulia wa mtu unahama naye kila anapogeuka, na MC anayewatazama ana kulia kwake ambako kwao ni kushoto. Jiko halihami. Mzee ambaye hajawahi kucheza kwaito maishani mwake anajua jikoni ni wapi. Harufu ya pilau imemwonyesha tangu saa moja.

Na maelezo je? Kwenye ceilidh, hafla za dansi za Scotland, anayeita hatua huwatembeza watu mchezo mzima kwanza bila muziki, polepole, ndipo bendi ianze. Ni njia nzuri, lakini kwetu sioni kama inafaa. Ukizima muziki kwenye harusi ya Sumbawanga watu wanarudi kwenye viti vyao, na baridi ile hawatanyanyuka tena. MC wetu hufundishia ndani ya muziki, akisaidiwa na DJ anayerudia utangulizi wa wimbo na kupunguza besi ili sauti ya maiki ipenye. Bila DJ anayemtazama MC, yote niliyoeleza hapo juu ni bure. Nimeona pia MC aliyejaza kila pigo kwa utani na majina ya wafadhili, na ile "geuka" ikapotea humohumo. Watu walicheka sana na hawakucheza.

Ngoma za nyumbani, nsimba ya Wafipa ikiwamo, hazidai haya. Mgeni anaanza pembeni kwa makofi na kuitikia, na anaingia mwili ukishazoea, hata kama ni harusi ya tatu au ya kumi. Kwaito haina subira hiyo, inamtaka mgeni usiku huohuo, ndiyo maana inamhitaji mtu wa maiki.

Kwa hiyo wanakamati, mnapopanga viti msisukume meza mpaka ukingoni mwa uwanja wa kuchezea. Acheni njia pande zote nne wapambe wapate pa kusimama, na kabla ya kukubaliana bei na MC, mwulizeni kama yeye na DJ wameshawahi kufanya kazi pamoja.