Miti Iliyokwenda Kutafuta Mfalme

Katika kitabu cha Waamuzi, mlango wa 9, imo hadithi fupi ambayo husimuliwa sana makanisani kila ukaribiapo wakati wa kupiga kura. Ni hadithi ya Yothamu, ya miti iliyotoka kujitafutia mfalme. Tumeisikia ikihubiriwa mara nyingi, na karibu kila mara mafundisho yaliyotolewa ni haya: miti mizuri ilikataa ufalme, mti wa miiba ukakubali, basi Mkristo na akae mbali na siasa, maana ni kazi ya miiba. Sisi twaona ya kuwa maelezo hayo hayatokani na hadithi yenyewe, nasi twapenda wasomaji wetu waipime pamoja nasi.

Kwanza na tutazame jinsi ilivyotungwa. Mzeituni, mtini na mzabibu huulizwa neno moja, na kila mmoja hujibu kwa namna moja: hutaja kile ulichopewa, mafuta, utamu, divai, ndipo huuliza kama yafaa kukiacha ili uende kuyumbayumba juu ya miti mingine. Msikilizaji akiisha kulizoea jibu hilo mara tatu, la nne humgutusha. Mti wa miiba hautaji tunda, kwani hauna. Huialika miti yote ije kukaa katika kivuli chake. Hapo ndipo penye utamu wa hadithi, na uchungu wake pia. Maana ni nani kati yetu aliyepata kupumzika adhuhuri chini ya kijiti cha miiba? Tena mara baada ya ahadi huja tisho: wasipokuja, moto utatoka na kuiteketeza hata mierezi ya Lebanoni. Mkulima hahitaji kuelezwa neno hili. Wakati wa kiangazi kichaka cha miiba hakina kivuli, lakini moto chajua kuupeleka mbali. Kwa maneno machache Yothamu ametuonyesha mtawala ambaye ahadi yake ni ya uongo na tisho lake ni la kweli.

Lakini hadithi hii yamlaumu nani? Hapa ndipo wahubiri wengi wapotezapo njia. Yothamu akiisha kutoa mfano hausemi mzeituni neno baya, wala hausifu. Awageukia watu wa Shekemu, wale waliochagua, akawauliza kama wametenda kwa kweli na kwa uaminifu. Twajua ya kuwa Abimeleki alijileta mwenyewe. Walakini katika mfano miti ndiyo iliyouendea mti wa miiba na kuuomba. Twadhani Yothamu aligeuza jambo hilo kwa kusudi, ili watu wa Shekemu wasipate kusema kwamba walidanganywa.

Tena, kama kukataa cheo kungekuwa dawa, nyumba ya Gideoni ingalipona. Gideoni aliombwa atawale akakataa, akasema vema ya kuwa Bwana ndiye atakayetawala. Lakini alichukua dhahabu ya watu akafanya naivera, nayo ikawa tanzi kwa nyumba yake. Na mwana aliyezaliwa Shekemu akamwita Abimeleki, maana yake, Baba yangu ni mfalme. Kukataa kiti hakukuiziba nafasi. Naye Yothamu hakugombea kitu. Alikuwa mdogo wao, aliyesalia kwa kujificha ndugu zake walipouawa. Hata hivyo alipanda mlima Gerizimu, akapaza sauti, akasema kweli mbele ya watu wote, kisha akakimbilia Beeri. Basi asiyetaka ufalme bado ana wajibu wa kusema.

Na Abimeleki aliupataje ufalme? Alikwenda kwa ndugu za mama yake, akawakumbusha ya kuwa yeye ni mfupa wao na nyama yao. Akapewa vipande 70 vya fedha kutoka nyumba ya Baal-berithi, na kwa fedha hizo akawakodi watu ovyo. Ukoo, fedha ya hekaluni, na vijana wa kukodiwa: hakuna hata moja lililo geni kwetu.

Tutoe mfano wa Kenya, kwa kuwa yaliyotukia huko yajulikana. Mwaka 1986 KANU, chama pekee kilichoruhusiwa siku zile, kiliamua ya kuwa katika kuteua wagombea watu wapange mstari hadharani nyuma ya wamtakaye. Mlolongo, ndivyo ulivyoitwa. Baraza la Makanisa likaupinga, na maaskofu kama David Gitari, Henry Okullu na Alexander Muge wakasema waziwazi. Ulipotumika mwaka 1988, watu wengi walilalamika ya kuwa wenye mistari mifupi walitangazwa kuwa washindi. Maaskofu hao hawakugombea viti. Walishika kazi ya Yothamu.

Miaka 20 baadaye Kanisa halikusimama vema hivyo. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100, na mamia ya maelfu wakayahama makwao. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto pamoja na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Asomaye habari ya watu wapatao 1,000, waume kwa wake, walioteketea katika ngome ya Shekemu hawezi kusema ya kuwa hayo ni mambo ya kale. Mwezi wa Februari 2008 Baraza lile lile la Makanisa lilikiri hadharani ya kuwa viongozi wa Kanisa walikuwa wameegemea pande. Neno la Abimeleki, la mfupa na nyama, lilikuwa limepanda mimbarani.

Na fedha je? Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana la Kenya aliwakataza wanasiasa kusema mimbarani. Na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha alizotoa Rais katika kanisa moja zirudishwe. Huko Shekemu hekalu lilimpa fedha mtaka cheo. Siku hizi mtaka cheo ndiye alipaye kanisa. Njia imegeuka, lakini mapatano ni yale yale.

Hadithi ya Yothamu ina upungufu mmoja: haituambii tumchague nani. Kwa hilo yatupasa kurudi nyuma hata Kutoka, mlango wa 18, ambapo Yethro amwagiza Musa atafute watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wa kweli, na wenye kuchukia mapato ya udhalimu. Hakusema wawe wa kabila gani, wala wawe wakarimu siku ya harambee.

Basi, ndugu, siku ya kura ikifika, twende. Tusipokee chumvi wala kanga wala noti ya mtu. Tusiwaachie wana wetu wakodiwe. Na ajapo mtu kutualika kivulini pake, tutazame kwanza kama mti huo una majani.