Tunahesabuje Vifo vya Mama Weusi? Nikisoma Under the Skin ya Linda Villarosa

Under the Skin kilitoka 2022, na mwaka uliofuata kikaingia fainali ya Tuzo ya Pulitzer. Ni kitabu kuhusu afya ya Wamarekani Weusi kwa ujumla, ila mimi nitakaa na sehemu moja tu, ile ya uzazi. Naiona ndiyo moyo wa kitabu, na mizizi yake iko kwenye makala ndefu ambayo Villarosa aliiandika katika New York Times Magazine mwaka 2018. Hoja yangu ni fupi. Mwandishi huyu ni hodari wa kutuonyesha mama aliye nyuma ya namba, lakini namba yenyewe hakai nayo vya kutosha. Na kwenye suala hili, namba iliyoachwa bila mlinzi inachezewa na kila mtu.

Tuanze na anachokifanya vizuri. Kuna mama mmoja wa New Orleans analalamika kichwa kinauma, mwili umevimba. Hasikilizwi ipasavyo. Mtoto wake anazaliwa amekufa. Mimba inayofuata Villarosa anaifuata hatua kwa hatua, safari hii mama akiwa na dula, yaani mwanamke aliyefunzwa kumsindikiza mjamzito mpaka ajifungue. Hapa mwandishi hahubiri. Anatuweka ndani ya chumba, anatuachia tusikie nani anaongea na nani anakatizwa.

Halafu anajitia na yeye mwenyewe kwenye hesabu. Alikuwa mhariri wa afya wa jarida la Essence, msomi, anakula vizuri, ana bima. Mtoto wake akazaliwa na uzito mdogo. Kwa miaka mingi alikuwa akiwaambia wasomaji wake kwamba elimu na tabia njema vitawaokoa. Kitabu kizima ni mtu anayerudi kukagua ushauri wake mwenyewe, na ndiyo maana unamwamini.

Maelezo anayoyategemea ni ya mtafiti Arline Geronimus, ambaye mwaka 1992 alileta nadharia ninayoweza kuiita ya kuchakaa. Mwili unaopigwa na ubaguzi kila siku unazeeka kabla ya wakati, kama bati linavyoliwa na kutu upepo wa bahari ukilipiga. Wanaosema tatizo liko kwenye damu wanajibiwa na utafiti wa Richard David na James Collins wa 1997, uliofanywa kwa takwimu za jimbo la Illinois. Watoto wa wanawake Weusi waliozaliwa Afrika walikuwa na uzito uliokaribia zaidi wa watoto wa Wazungu wa Marekani kuliko wa Wamarekani Weusi. Baadaye watafiti hao wakafuatilia kizazi kilichofuata, wakakuta binti za wahamiaji, waliokulia Marekani, faida ile imeanza kuwapotea. Tafakari hilo kama una dada au shangazi aliyehamia huko. Damu ni ile ile. Kilichobadilika ni nchi.

Sasa nije kwenye lalamiko langu. Sentensi inayojirudia kwenye mjadala huu wote ni kwamba mwanamke Mweusi Marekani yuko kwenye hatari ya kufa kwa uzazi mara tatu hadi nne kuliko Mzungu. Inabeba uzito mkubwa, lakini hivi inatoka wapi? Shuleni tulifundishwa kuwa sehemu ina kiasi na asili. Hapa kiasi kinatoka kwenye vyeti vya vifo na asili kwenye vyeti vya kuzaliwa. Kwenye cheti cha kuzaliwa, mama anataja rangi yake mwenyewe. Kwenye cheti cha kifo, anayeijaza ni msimamizi wa mazishi, kwa kuuliza ndugu au, wakikosekana, kwa kumtazama marehemu. Yaani mama huyo huyo anaweza kuingia kwenye hesabu mara mbili kwa macho mawili tofauti.

Kuna na kisanduku cha ujauzito. Kuanzia 2003 cheti cha kifo cha Marekani kiliwekewa sehemu ya kutiki kama marehemu alikuwa mjamzito au amejifungua karibuni. Majimbo yakakipokea moja moja, la mwisho 2017. Takwimu zikavurugika kiasi kwamba taifa lilikaa zaidi ya miaka kumi bila kutoa kiwango rasmi, mpaka Januari 2020. Kisanduku kilitikiwa hata kwa mabibi waliopita miaka 85! Mwaka 2024 timu ya K. S. Joseph ilihesabu upya, ikichukua tu vifo ambavyo ujauzito umetajwa miongoni mwa sababu. Ile picha ya vifo kupanda sana ikayeyuka: 10.2 kwa vizazi hai 100,000 mwaka 1999–2002, na 10.4 mwaka 2018–2021. Lakini pengo la rangi halikuyeyuka. Lilibaki pale pale.

Hiyo ndiyo hoja ambayo kitabu kingeweza kuibana mapema. Mabishano ya kisanduku yalikuwepo kabla ya 2022. Aliyesoma simulizi peke yake, akikutana na mtu wa kumwambia "takwimu zenu zimekosewa", hana jibu. Aliyeonyeshwa jikoni namba zinapopikwa anaweza kusema: kweli, kuna makosa, na hata ukiyaondoa mama Mweusi bado anakufa zaidi.

Tazama takwimu rasmi zilizotoka baada ya kitabu. Mwaka 2021, wakati wa Uviko, ilikuwa 69.9 kwa Weusi na 26.6 kwa Wazungu. Mwaka 2023, 50.3 na 14.5. Ukitoa, tofauti imepungua kutoka 43.3 hadi 35.8, na mwanasiasa atapiga makofi. Ukigawanya, imepanda kutoka mara 2.6 hadi karibu mara 3.5, na mwanaharakati atalia. Wote wako sahihi. Kuchagua kutoa au kugawanya ni uamuzi wa msimuliaji, sawa na kuchagua hadithi ianzie wapi.

Kipimo chenyewe nacho kinaweza kudhuru. Watanzania tukisikia neno kikokotoo tunawaza mafao ya wastaafu. Madaktari wa Marekani walikuwa na chao, cha 2007, cha kukadiria kama aliyewahi kupasuliwa anaweza kujifungua kwa njia ya kawaida. Ukiwa Mweusi au mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, alama zako zilishushwa kwa sababu hiyo tu, na ushauri wa kupasuliwa tena ukawa karibu zaidi. Toleo lisilo na rangi lilikuja 2021. Pengo lilipimwa, likageuzwa maumbile, likarudishwa wodini kama ushauri.

Msomaji wa hapa anaweza kuuliza, 50 ni nyingi? Utafiti wetu wa Demografia na Afya wa 2022 ulitaja vifo 104, kutoka 556 katika ule wa 2015/16. Namba hiyo inapatikana kwa kumuuliza mwanamke kuhusu dada zake wa tumbo moja: nani yuko hai, nani alikufa, na je, alikuwa mjamzito au amejifungua? Nyuma ya desimali zetu kuna dada anayekumbuka. Marekani wana vyeti, wana mashine, wana fedha, na bado mama anasema kichwa kinamuuma na anaambiwa atulie.

Kisome kitabu hiki. Kinaandika maumivu bila kuyapamba. Ila kila unapofika kwenye "mara tatu", simama uulize nani alitiki kisanduku, na alimtazama vipi yule mama.