Nasaba Haitolewi Sadaka: Funzo la Mayotte kwa Wanaotafuta Vyeti

 

Ndugu msomaji, siku moja baada ya swala ya Alasiri, hapa Mabamba, alinijia mzee mmoja na karatasi. Alitaka nishuhudie kwa maandishi, kama imamu, kwamba kijana anayeishi kwake ni mtoto wake wa kumzaa. Baba wa kijana huyo tunamjua. Yuko ng'ambo ya mpaka, Burundi. Mzee alisukumwa na huruma, kwani kijana asiye na karatasi hupata taabu kila aendako. Nilikataa, naye akauliza: "Sheikh, kuna dhambi gani kumsitiri mtoto?" Swali hilo lina jibu, na kisiwa cha Mayotte kinatusaidia kulielewa.

Mayotte na sheria zake

Mayotte, au Maore, ni kimoja cha visiwa vinne vya Ngazija. Wenzake walipojitangazia uhuru mwaka 1975, chenyewe kilibaki chini ya Ufaransa, na mwaka 2011 kikawa mkoa wake kamili. Watu wake ni Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafi, na makadhi wao walihukumu kwa Minhaj ya Imamu Nawawi. Katiba ya Ufaransa ya mwaka 1958, kifungu cha 75, iliwaachia hadhi yao ya kisheria katika ndoa, talaka na mirathi mpaka mtu aikane mwenyewe.

Desturi yao ya majina ilikuwa kama yetu: mtu huitwa jina lake kisha la baba yake. Machi 2000 ikatoka amri kwamba kila mtu achague jina la ukoo lisilobadilika. Tume ya kurekebisha daftari za watu ilianza kazi mwaka 2001, ikachukua takriban miaka 10, na wengi walisubiri muda mrefu ili wapate karatasi zao. Kisha amri ya mwaka 2010 ikawaondolea makadhi mamlaka ya kuhukumu, wakabaki wasuluhishi.

Wapo waliosema kuwa jina la ukoo lenyewe ni haramu. Kauli hiyo haina nguvu. Mwenye Minhaj ni Yahya bin Sharaf, lakini umma unamjua kwa mji wake wa Nawa. Na kuandika watu katika daftari si bidaa ya Wazungu. Sayyidna Umar (r.a.) aliweka diwani, akapanga majina kwa nasaba, akianza na jamaa wa Mtume (s.a.w.). Kilichokatazwa ni uongo katika nasaba.

Makosa ya pande mbili

Kosa la watunga sheria ni kuifanya haki ya mtoto itegemee karatasi za mzazi, na kila mara kukaza zaidi. Mwaka 1995 Ufaransa iliwawekea viza ndugu wa visiwa vingine. Sheria ya mwaka 2018 ikaweka sharti kwamba mtoto wa wageni aliyezaliwa Mayotte hatapata uraia kwa kuzaliwa huko ila mzazi mmoja awe aliishi kihalali zaidi ya miezi 3 kabla. Mwaka 2025 sharti likawa wazazi wote wawili, mwaka mzima.

Mlango ukibanwa hivyo, watu hutafuta dirisha. Mtoto wa baba Mfaransa ni Mfaransa. Basi wakatokea wanaume wa kukiri watoto wasio wao, wengine kwa malipo. Hapa kosa ni letu Waislamu, wala dhulma ya sheria haitufutii.

Hukumu yake

Katika Suratul Ahzab, aya ya 5, Allah (s.w.) ameamrisha watoto wa kulea wanasibishwe na baba zao. Zayd (r.a.), aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, akarudi kuwa Zayd bin Haritha. Je, mapenzi yalipungua? Hapana. Mtume (s.a.w.) alimkabidhi jeshi la Muta mwaka wa 8 Hijria, na huko akafa shahidi. Aidha, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, anayejinasibisha na asiye baba yake hali anajua ameonywa kuwa Pepo ni haramu kwake.

Mafakihi wameruhusu kukiri nasaba kwa masharti: mtoto awe hajulikani baba yake, umri uwezekane, na akiwa baleghe mwenye akili naye asadikishe. Ambaye baba yake anajulikana, kumkiri ni uongo. Na uongo huo hauishii ofisini. Mzee akifa, kijana atarithi fungu la wenyewe. Mabinti wa mzee, ambao kisheria si maharimu zake, watakaa naye kama dada. Na dada zake wa damu, karatasi itawaita wageni. Siku moja anaweza kumposa mmoja wao.

Njia ya halali

Ulezi ni ibada kubwa, wala hauhitaji kubadili jina la baba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania inampa mtoto haki ya jina na ya kuwajua wazazi wake wa damu. Cheti cha kuzaliwa huthibitisha kuzaliwa, si hati ya uraia. Na anayetaka uraia ana njia ya tajnisi katika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Njia hiyo ni ndefu na ina gharama, nakiri. Basi misikiti yetu ichangie nauli na ada, badala ya maimamu kuchangia ushahidi wa uongo.

Yule mzee nilimwandikia barua nyingine: kwamba yeye ni mlezi mwema, na kijana ni fulani bin fulani, kwa jina la baba yake. Aliipokea bila furaha. Namwombea Allah amlipe kwa ulezi wake, na amfungulie kijana mlango wa halali.

Wallahu aalam.