Kilo Nne na Ushei

Katika viwanda vya chai vya nyanda za juu za Kenya kuna swali linaloulizwa kila siku: jana, kilo moja ya chai ilitoka kwa kilo ngapi za majani mabichi? Jibu hubadilika, na mtu anayejua kwa nini limebadilika ana ufundi ninaouheshimu sana.

Majani mawili na chipukizi yakichumwa huwa na maji kiasi cha asilimia 77. Katika kilo 100, basi, kitu kikavu ni kilo 23 tu. Chai ikitoka kwenye kikaushio na unyevu wa asilimia 3, kilo hizo 23 zinakuwa 23.7. Ukigawanya unapata kilo 4.2 za majani kwa kilo moja ya chai. Hapo hakuna meneja atakayepunguza kwa kufoka. Siku ya mvua majani hufika mizanini yamelowa, maji ya mbinguni yakapimwa kama mazao, na 4.2 ikawa 4.6 bila mfanyakazi yeyote kukosea. Ndiyo maana fundi hodari, kabla ya kumlaumu mtu wa mashine, huuliza mvua ilinyesha wapi, kisha hulinganisha mizani ya kituo cha kununulia na ile ya kiwandani.

Tena namba hiyo hudanganya. Chai ikitolewa mapema, ikiwa na unyevu wa asilimia 6, uwiano hushuka hadi 4.1 na karatasi hupendeza. Ila chai hiyo itaharibika guniani. Kwa hiyo sampuli hupimwa uzito, ikakaushwa kabisa, ikapimwa tena, na uwiano husomwa pamoja na unyevu, hausomwi peke yake.

Mimi hupenda zaidi hesabu ya kuni. Viwanda vingi huchemsha maji kwa kuni ili kupata mvuke wa kukaushia, na kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji yake yenyewe kwanza. Ukiandika tu mita za ujazo zilizochomwa kwa siku hujaandika kitu, mpaka ujue zilipasuliwa lini na zilipangwa chini ya paa kwa miezi mingapi.

Na kuni huokolewa mbali na tanuri, kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, ambako majani hulala saa 12 hadi 18 yakipulizwa na feni. Fundi huchota konzi moja, akaifumbata, akafungua kiganja. Majani mabichi hurudi wima mara moja na vikonyo vyake hukatika; yaliyonyauka vizuri hubaki bonge laini linalofunguka taratibu. Yakishuka kutoka unyevu wa asilimia 77 hadi 70, kila kilo 100 zimebaki kama 77. Kilo 23 za maji zimeondoka kwa upepo, na kikaushio hakitaziona tena. Tofauti hiyo ya asilimia 7 inaonekana ndogo karatasini, lakini mkono uliozoea huigundua kabla ya kipimo kutoa jibu.

Viwanda vya wakulima wadogo ni mali ya wakulima wenyewe. Bonasi yao ya mwaka hutokana na kinachobaki baada ya gharama kutolewa, na kuni ni miongoni mwa gharama hizo.