Mwalimu Aachaye Chaki Ashike Mashine

Wasomaji wetu wengi ni walimu, au wana watoto shuleni. Basi twadhani si kazi bure kukipima hapa kitabu cha Mmarekani, Larry Cuban, kiitwacho Oversold and Underused, kilichotoka mwaka 2001. Maana ya jina hilo ni kwamba kompyuta zilisifiwa mno sokoni, zikatumiwa kidogo shuleni.

Mwandishi huyu hasemi kwa kusikia. Alifundisha shule za sekondari miaka 14, akawa msimamizi wa shule za wilaya miaka 7, ndipo akaenda kufundisha katika chuo kikuu cha Stanford. Alichunguza shule za Silicon Valley, huko California, penye makampuni makubwa ya kompyuta, tangu shule za watoto wadogo hata chuo kikuu chenyewe. Hapo mtu angetazamia mafundisho mapya kabisa. Lakini aliona ya kuwa walimu wachache tu walizitumia mara kwa mara, na wengi walifundisha vile vile kama zamani. Mashine zilikuwapo, desturi haikugeuka.

Twamsifu kwa neno moja kubwa: hawalaumu walimu kwa uvivu. Aonyesha ya kuwa mwalimu mwenye vipindi vingi, wanafunzi wengi, na mashine iharibikayo katikati ya somo, ana sababu ya kushika njia aijuayo. Tena katika kitabu chake cha mwaka 1986 alikwisha kuonyesha kwamba sinema, redio na televisheni zilipita njia iyo hiyo: kwanza ahadi kubwa, kisha matumizi haba, mwisho lawama kwa mwalimu.

Hata hivyo twaona upungufu. Kitabu chatupa habari nyingi za darasa na za wakubwa wanunuao mashine, bali kidogo mno za mtu asimamaye katikati, yaani mwalimu aliyetolewa darasani awafundishe wenziwe kutumia mashine. Leo kazi hiyo imeenea katika shule nyingi za Marekani, nayo ina hatari yake. Mwezi wa kwanza akumbuka uchovu wa darasa; mwaka wa tatu amesahau. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akisha kusahau, huhesabu ni walimu wangapi wamewasha kompyuta, wala haulizi ni mtoto gani aliyeelewa hesabu za sehemu. Hapo si mwalimu wa walimu tena. Amekuwa mchuuzi wa mwenye duka.

Bruce Joyce na Beverly Showers, walioandika mapema katika miaka ya 1980, walifundisha kwamba mwalimu akielezwa kwa maneno tu, ni machache yafikayo darasani. Yafaa aonyeshwe, ajaribu, kisha asaidiwe papo hapo kazini. Neno hilo twalikubali. Basi mwelekezi na aingie darasani kama msaidizi, si kama mkaguzi, aulize kwanza, "Somo gani lawashinda watoto?" Kama ubao na chaki vyatosha, aseme hivyo bila haya. Wala asiache kufundisha kabisa. Abaki na darasa moja lililo lake, ili bega lake lisisahau uzito.

Kitabu hiki twakisifu kwa kila mwalimu aitwaye kazi hiyo. Na akisome kabla ya kupokea funguo za chumba cha mashine.